Nguvu Katikati ya Msafara

Somo: Kutoka 18:13–27

Wapendwa wasikilizaji, nazungumza nanyi kutoka hapa Makumira, chini ya Mlima Meru. Neno letu la asubuhi ya leo limo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kuanzia mstari wa 13 hadi mwisho wa sura. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo, au yule anayetusikiliza akiwa jikoni akiwaandalia watoto chai kabla ya ibada, na atege sikio tu.

Musa ameketi kuamua mashauri ya watu. Kunapambazuka, watu wapo. Jua linazama, watu bado wapo, wamesimama wakingoja zamu. Yethro, kuhani wa Midiani, baba mkwe wa Musa, amekuja kumtembelea, naye anaitazama kazi hiyo kutwa nzima. Kisha anasema waziwazi kwamba utaratibu huo si mwema, kwa kuwa utamchosha Musa na kuwachosha watu pia.

Tumezoea kuisoma habari hii kama shauri kwa kiongozi aliyelemewa, na kweli ni shauri kwake. Lakini Yethro alitaja pande mbili zitakazochoka. Upande wa pili ni watu wenyewe, waliopigwa na jua katika foleni, na hasa yule aliye mwisho kabisa wa foleni. Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka tumwangalie leo. Na ili tumwone vizuri, naomba mniruhusu nizungumze kwa kitambo juu ya treni za mizigo.

Wazee wa ukanda huu hawataona ajabu. Reli yetu ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Kahawa ya milima hii ilishuka pwani kwa njia hiyo. Vijana wengi walikua bila kuiona treni ya abiria, hadi safari ziliporejeshwa Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Mlima wetu nao una jina katika historia ya reli. Mwaka 1955 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea kutoka Manchester, Uingereza, injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mount Meru. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote katika reli za upana wa mita moja duniani, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilivuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi. Fundi aliyezibuni alijua kwamba uzito huo ukikaa mahali pamoja utaivunja reli. Kwa hiyo aliweka kundi moja la magurudumu mbele na jingine nyuma, na tangi la kuchemshia maji katikati, likibebwa na yote mawili.

Basi mtu aweza kuuliza: mzigo ukizidi, si tutengeneze injini kubwa zaidi? Au tufunge vichwa viwili, vitatu, hata vinne pale mbele, vivute pamoja?

Inawezekana, lakini kwa kiasi. Fikirini treni ya mabehewa 100, moja limefungwa kwa lingine kwa kiungio cha chuma. Kiungio cha mwisho kabisa kinavuta behewa moja tu. Kiungio cha katikati kinavuta mabehewa 50. Lakini kile cha kwanza, kilicho mara tu baada ya kichwa cha treni, kinabeba mvuto wa mabehewa yote 100. Kwa hiyo ukiongeza mabehewa na kuongeza vichwa mbele, utafika siku ambapo vichwa vina nguvu ya kutosha na mzigo unaweza kuvutika, lakini chuma kilicho kati yao kinakatika. Na mara nyingi kitakatika mlimani, mahali pabaya kuliko pote. Hata kama hakikatiki, kwenye kona kali mvuto mkubwa kutoka mbele huyakaza mabehewa kama kamba iliyozungushwa kwenye nguzo, na behewa tupu, kwa kuwa ni jepesi, laweza kuvutwa kuelekea ndani ya kona hata likatoka relini.

Kwa hiyo wahandisi walichukua baadhi ya vile vichwa wakavipeleka katikati ya treni, na vingine mwisho. Kichwa kilicho katikati huyasukuma mabehewa yaliyo mbele yake na kuyavuta yaliyo nyuma yake. Idadi ya vichwa haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali vilipowekwa, na sasa hakuna kiungio hata kimoja kinachobeba mzigo wote.

Zamani, katika nchi nyingi za milima, jambo hilo lilifanyika kwa kuweka dereva katika kila injini, nao wakapashana habari kwa honi. Wa mbele akipiga, wa nyuma anaitikia, ndipo wanaanza kusukuma. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Southern Railway ya Marekani ilianza kutumia redio, chombo hiki hiki kinachotukutanisha asubuhi hii, ili dereva mmoja aliye mbele aviongoze na vile vichwa vya katikati visivyo na mtu ndani. Leo huko Afrika Kusini, katika reli ya kilomita 861 kutoka Sishen hadi bandari ya Saldanha, treni za mabehewa 342, zenye urefu wa karibu kilomita 4, zimesafirisha mawe ya chuma kwa utaratibu huo. Tarehe 21 Juni 2001, huko Australia Magharibi, kampuni ya BHP iliendesha treni moja ya mabehewa 682 na vichwa 8 vilivyogawanywa katika urefu wake. Ilizidi kilomita 7, uzito wake ulikaribia tani 100,000, na dereva alikuwa mmoja. Hata hapa kwetu, zile treni za umeme za abiria ambazo watu wameziita mchongoko, zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hazivutwi na kichwa kimoja. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa kadhaa.

Lakini kuvuta ni nusu tu ya habari. Kwa maoni yangu ni ile nusu ndogo. Nusu kubwa ni breki.

Breki za treni hutumia upepo. Bomba moja linapita chini ya treni nzima, kutoka behewa hadi behewa, nalo hujazwa upepo. Watu wengi hudhani kwamba dereva husukuma upepo ili kufunga breki, kumbe ni kinyume. Upepo ukiwa umejaa, breki zimeachia. Dereva akitaka kusimama huutoa, nao unapopungua, breki hukamata. Ulipangwa hivyo kwa makusudi, ili treni ikikatika na bomba likapasuka, upepo utoke na mabehewa yafungike yenyewe. Sasa katika treni ndefu yenye kichwa mbele tu, upepo wote lazima utokee mbele. Mabehewa ya kwanza yanasikia mara moja, ya mwisho yanasikia baada ya sekunde nyingi, na katika sekunde hizo ya mwisho yanazidi kuyasukuma ya kwanza. Kurudisha upepo nako huchukua dakika kadhaa, maana lazima usafiri mpaka mkiani. Vichwa vikiwa vimegawanywa, kila kimoja hutoa upepo mahali kilipo, na hukirudisha mahali kilipo. Behewa la mwisho husikia karibu sawa na la kwanza.

Jambo la breki mlimani si la kuchezea. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,000 ilikuwa ikipanda mlima. Haikuendelea. Ilianza kurudi nyuma, breki hazikuishika, ikaenda kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Treni ile haikuwa ya aina ninayoieleza leo, wala siitaji ili kumlaumu mtu. Naitaja kwa sababu wako wanaotusikiliza ambao walizika ndugu zao mwaka ule, na kwa sababu sipendi tuzungumze habari za treni na mizigo kana kwamba ni mchezo wa mafumbo.

Sasa turudi jangwani pamoja na Musa.

Sura inayotangulia somo letu, yaani sura ya 17, inasimulia vita na Waamaleki. Tunakumbuka sana mikono ya Musa iliyoinuliwa, na Haruni na Huri wakiishika. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, mstari wa 17 na wa 18, inatueleza mahali adui alipopiga. Alipiga nyuma. Aliwavizia waliodhoofika na kuachwa na msafara, waliokuwa wamechoka na kuishiwa nguvu. Musa alikuwa mbele, na nguvu zilikuwa mbele pamoja naye, na huko nyuma mwanamke mwenye mtoto mgongoni, au mzee asiyeweza kwenda mwendo wa vijana, alikuwa peke yake.

Mara tu baada ya vita hivyo Yethro anafika. Anauona msafara ule ule, wenye udhaifu ule ule: kila kitu lazima kipitie kwa mtu mmoja aliye mbele. Naye hamshauri Musa aombe nguvu zaidi. Anamwambia awachague watu na kuwaweka juu ya maelfu, na juu ya mamia, na juu ya hamsini, na juu ya kumi. Angalieni hilo la kumi. Mkuu wa watu kumi hakai mbele karibu na hema ya Musa, bali anaishi na wale kumi wake. Analala walipolala, na msafara ukianza kwenda anatembea mahali wanapotembea, hata kama ni mkiani kabisa.

Baadaye, katika Hesabu sura ya 10, Mungu mwenyewe aliupanga mwendo wa taifa lote. Yuda walitangulia. Wakohathi waliobeba vyombo vitakatifu waliwekwa katikati. Na kabila la Dani, mojawapo ya makabila makubwa, liliwekwa nyuma kabisa ili kuwalinda wote. Tena ziliagizwa tarumbeta mbili za fedha. Zilipopigwa zote mbili, watu wote walikusanyika. Ilipopigwa moja, walikuja wakuu peke yao. Na kwa mlio mwingine kambi za mashariki zilianza safari, na kwa mlio wa pili zile za kusini. Dereva mzee wa treni ya mvuke angeisoma sura hiyo na kuielewa upesi kuliko sisi tulioisomea chuoni.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaishi katika sharika zilizo ndefu. Sisemi kubwa, nasema ndefu. Makao ya usharika yako kando ya barabara ya lami, yana umeme na maji, na mchungaji anaishi hapo. Kisha kuna mtaa mmoja juu kwenye mteremko wa Meru, ambako masika utelezi humshinda hata mwenye pikipiki. Na mtaa mwingine kule chini nyikani, ambako wafugaji huhama na mifugo yao. Mtu akifiwa huko, ujumbe unapelekwa kwa mchungaji, na wafiwa wanangoja. Ndoa ikiyumba huko, wanangoja. Kijana akitaka kurudi kanisani baada ya miaka mitano, anangoja, na huenda asingoje sana. Mchungaji ni mtu mwema, amechoka, halali vizuri, nasi twamwombea apate nguvu. Lakini kiungio kinakatika mlimani hata kama injini ni nzima.

Mtaniambia, mbona mitaa ina wainjilisti na makatekista? Naam, inao. Hapo ndipo ninapotaka kusema kwa uangalifu. Kichwa cha treni kilichozimwa, kikafungwa katikati ya mabehewa, hakisaidii kitu. Kimeandikwa namba, kimepakwa rangi, kina umbo la injini, lakini hakina mafuta. Ni behewa jingine tu, tena zito kuliko yote. Ndivyo tulivyowafanyia baadhi ya wainjilisti wetu. Tumewapa cheo, kanzu na ratiba ya ibada. Lakini hana idhini ya kutumia hata fedha ya chaki ya darasa la kipaimara bila kushuka makao makuu. Mzee wa kanisa haruhusiwi kuketi na mume na mke waliogombana mpaka shauri lifike barazani. Posho ya mwinjilisti inatoka mwishoni, baada ya mahitaji mengine yote kutimizwa, na miezi mingine haitoki. Kisha tunasema tumegawa kazi. Mimi naona tumegawa mzigo, na nguvu tumebaki nazo.

Yethro hakupendekeza hivyo. Alisema wale wakuu waamue mashauri madogo wao wenyewe, kwa mamlaka kamili, na yaliyo magumu tu yapelekwe kwa Musa. Tena alieleza ni watu wa namna gani: wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wakweli, wasiopenda mapato ya dhuluma. Sharti hilo la mwisho ni la watu wanaokabidhiwa kitu. Huna haja ya kuuliza kama mtu anachukia dhuluma ikiwa humpi ufunguo wowote.

Nawe uliyekabidhiwa ufunguo, ewe mwinjilisti, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya au mweka hazina wa mtaa, nisikilize pia. Kichwa cha katikati kikisukuma wakati cha mbele kinafunga breki, mabehewa yaliyo kati yao hubanwa mpaka yakaruka reli. Ndiyo maana kila kichwa kilicho mbali humrudishia dereva taarifa zake kwa redio: upepo ni kiasi gani, mota zinafanyaje kazi. Hatuwezi kusema kichwa hicho hakiaminiwi. Kimeaminiwa mzigo mkubwa, na kwa sababu hiyo kinatoa hesabu. Mtaa unaoficha daftari la sadaka, au unaoanzisha mambo yake kwa ugomvi na usharika, hauvuti msafara kwenda mbele. Wanaoumia hapo ni wale wa katikati, waumini wanaobanwa kati ya viongozi wawili.

Na dereva wa mbele naye ana la kujifunza. Treni ndefu ikivuka kilele cha mlima, nusu ya mbele inashuka na nusu ya nyuma bado inapanda. Akitoa amri moja kwa wote, atakosea kwa nusu mojawapo. Kwa hiyo mitambo hiyo humruhusu kufunga breki huku mbele na kuacha vichwa vya nyuma viendelee kusukuma. Usharika wa mjini Arusha waweza kuwa unateremka kwa raha mwaka huu, ukijenga ukumbi, wakati mtaa wa nyikani uko katikati ya mlima wa ukame. Michango ya namna moja na tarehe moja kwa wote si haki kwa kuwa tu ni sawa kwenye karatasi.

Liko jambo moja zaidi, nalo limenigusa mimi binafsi. Redio hukatika. Treni huingia katika handaki au katika bonde la miamba, na kichwa cha nyuma hakisikii tena sauti ya dereva. Kifanye nini? Wahandisi walikipanga kiendelee na amri ya mwisho kiliyopewa, bila kubuni jipya. Lakini dereva akifunga breki wakati huo, upepo katika bomba utapungua, na kichwa cha nyuma kitausikia upungufu huo ingawa redio iko kimya. Hapo kitaacha kusukuma mara moja. Wanafunzi wetu wa Kiebrania hapa Makumira wanajua kwamba katika lugha hiyo upepo na roho ni neno moja. Sitaki kuligeuza bomba la breki kuwa somo la Roho Mtakatifu. Itakuwa ni kulitwika mzigo usio wake. Lakini wewe uliye katika mtaa wa mbali, ambaye barua kutoka makao makuu imechelewa na mchungaji hajapita tangu Pasaka, unayo amri ya mwisho uliyopewa siku ile ulipowekwa wakfu kwa kazi. Hubiri, fundisha watoto, tembelea wagonjwa, zika wafu. Endelea nayo. Na kama moyoni unasikia kwamba kitu fulani kimepungua, kwamba ushirika wa ndugu umepoa na maombi yamekauka, usiendelee kusukuma. Simama kwanza, utafute sababu.

Katika kikao kijacho cha baraza la wazee, naomba mtu mmoja anyanyue mkono aulize habari za mtaa ulio mbali kuliko yote: nani ana ufunguo wa kanisa, nani aweza kutoa fedha ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, nani aweza kusuluhisha bila kungoja. Kama jibu la maswali yote matatu ni mchungaji, basi somo la leo lisomwe tena hapo hapo barazani, kabla ya ajenda inayofuata.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyelitembeza taifa lako jangwani na kuwaona waliobaki nyuma, tunawaombea madereva na mafundi wa reli walioko kazini asubuhi hii. Tunawaombea waliofiwa katika ajali ya Igandu, ambao bado wanawakumbuka watu wao. Tunawaombea wainjilisti na makatekista wa mitaa ya mbali, wanaotembea kwa miguu sasa hivi kuiwahi ibada. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.